Nyumba Moja na Baba Mkwe

Sipendi kumsikia mtu akisema mjini hakuna utu. Mara nyingi msemaji ni mtu aliyekuja Tunduma siku mbili kununua vitenge, akachomolewa pochi kwenye msongamano wa mpakani, akarudi kwao na hadithi ya kusimulia mpaka uzeeni. Mimi nimeishi Chapwa, hapahapa Tunduma, tangu nikiwa msichana mwenye mtoto mmoja kaburini, na ninayajua ya mjini kama ninavyoyajua ya milimani. Ya milimani ndiyo yaliyonileta huku.

Kwetu ni Undali, Ileje, kwenye vilima ambako ukisimama mlangoni unaiona nyumba ya jirani ng'ambo ya bonde, hata unamsikia akimkemea mbuzi wake, lakini kumfikia ni saa nzima ya kushuka na kupanda. Mtoto wangu wa kwanza alishikwa na degedege asubuhi. Nilipiga yowe moja tu, wanaume wanne wakafika. Hakuna aliyeuliza maswali wala aliyekumbuka shamba lake. Tulipokezana kumbeba, wao wakikimbia kwenye miteremko na mimi nikiwafuata nyuma, na mtoto akakata roho kabla hatujaiona barabara. Wanaume wale wote wanne walilia, mmoja wao mpaka akakaa chini. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba kijijini kwetu wema ulikuwa mchache. Wema ulijaa tele, ila hospitali ilikuwa mbali.

Baada ya matanga nilimwambia mume wangu kwamba sitazaa tena mahali ambapo daktari yuko mwendo wa siku nzima. Yeye alikuwa amesikia kuna kazi mpakani. Ilikuwa ile miaka biashara imefunguliwa, kila mtu anavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi na kitu kichwani, sukari, vitenge, mitumba, na malori yanapanga foleni kusubiri kuvuka. Tulishuka mpaka Mpemba, kwenye barabara kuu, juu ya lori la mbao, tukaingia Tunduma na godoro moja na sufuria mbili. Mume wangu alipata kazi kwenye lori la mfanyabiashara aliyenunua mahindi na maharage vijijini, upande wa Itaka, na mimi nikapata kibarua cha kuchambua maharage ghalani.

Mji niliupenda, sioni haya kusema. Mashine ya kusaga ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Maji yalikuwa bombani, uani, ingawa yalitoka yalipotaka. Nilishika fedha yangu mwenyewe mkononi, jambo ambalo mama yangu hakulijua mpaka anakufa. Mtoto wetu wa pili alipopata homa ya kwanza, nilimfikisha zahanati, akachomwa sindano, nikarudi naye nyumbani kabla uji niliouacha jikoni haujapoa. Siku hiyo nilikaa kizingitini nikamlilia yule wa kwanza upya, kwa hasira, kwa sababu niliona ni kitu kidogo kiasi gani kilichomkosesha kuishi.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na vyumba vinane, vinne vikitazamana na vinne, na katikati ua mwembamba ambao mtu mrefu angeuvuka kwa hatua tatu. Bomba lilikuwa upande mmoja, choo na bafu upande wa pili. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mama wa Kinamwanga aliyekaanga samaki na kuuza barabarani. Mbele yetu walikaa mume na mke waliotoka pwani, na wengine ambao walihama na kuhamia. Tulisikiana mpaka kukoroma.

Mwaka wa nne tukapata habari kwamba baba mkwe anaumwa. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi haimtoshi kupanda hata kilima cha nyuma ya nyumba yake, na mama mkwe alikuwa ameshafariki. Mume wangu alisita kumleta. Nilijua sababu ya kusita kwake, na hata hivyo mimi ndiye niliyesema aletwe. Nilisema kule watambeba kwa machela siku nzima, na sisi tuna hospitali karibu, tuache visingizio. Nilitaka mzee yule aishi. Nilitaka nikishinde kile kifo kilichonichukulia mtoto, hata kama ni mara moja tu.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo Mndali haelezwi. Kwetu mke wa mtoto hamwoni baba mkwe wake. Sisemi kwamba hamkodolei macho, nasema hamwoni. Akitokea njiani unaingia migombani. Akiingia mahali ulipo unajifunika kanga, unampa mgongo, unatoka. Hulitamki jina lake, huli naye, huongei naye. Na yeye naye anakusaidia, anakohoa kutoka mbali ili upate muda wa kujificha, anasimama akiangalia upande mwingine mpaka upite. Wageni hudhani ni uadui, kumbe ndiyo heshima kubwa kuliko zote tulizonazo. Wapo wazee ambao hulilegeza jambo hilo watoto wakishazaliwa, lakini wa kwangu alikuwa wa kizamani. Nilikuwa nimeolewa miaka sita na sikuwa nimeuona uso wake hata mara moja. Nilijua kikohozi chake, sauti yake nikiwa nyuma ya ukuta, na katambuga zake, vile viatu vya matairi, kwa sababu macho yanayotazama chini huona miguu.

Milimani jambo hilo halina tabu. Kuna njia mbili za kwenda kisimani, kuna migomba ya kujifichia, kuna nyumba ya wazee na nyumba ya vijana. Chapwa kulikuwa na ua wa hatua tatu na bomba moja.

Mwenye nyumba alituonea huruma, akatoa magunia yake kwenye kistoo cha mwisho karibu na choo, tukaweka kitanda. Siku za kwanza nilibanwa chumbani kama kuku anayeatamia. Nilikuwa nachungulia, nasikiliza, nasubiri kikohozi. Wapangaji walicheka mpaka basi. Yule mama wa pwani aliniuliza, bila hata kutabasamu, kama mzee ana ugonjwa wa macho unaoambukiza. Nilimkasirikia siku mbili.

Lakini siku ya tatu alikuwa yeye mwenyewe aliyesimama uani akaimba, "Mzee anatoka," na mimi nikafunga mlango. Baada ya hapo nyumba nzima ikajifunza. Anayefua, anayemenya viazi, hata fundi redio wa chumba cha kona, wote wakawa wanaimba mzee anatoka, mzee ameingia, mkwe pita. Mimi nilipika, Mama wa Kinamwanga akampelekea sahani na kuirudisha. Watu wa makabila sita walishika adabu ya Kindali ndani ya wiki mbili, na hakuna aliyewalazimisha. Ndiyo maana nasema, anayedai mjini hakuna utu sijui alikaa mji gani.

Daktari alikuwa amesema alale, ainue miguu juu ya mto, ameze vidonge mara tatu kwa siku akiwa amekula. Wiki ya kwanza alifanya hivyo. Wiki ya pili akaanza kutoka alfajiri na kurudi jua likizama. Mume wangu alimuuliza, akajibiwa kwamba kulala mchana ni kazi ya watoto wachanga na kwamba mji una mengi ya kutazama. Tukapata habari anakaa mpakani, kwenye foleni ya malori. Wanawake wa Nakonde wanaovuka na mizigo walimwita bashikulu, kama wanavyomheshimu babu kwa Kibemba, wakampa kreti la soda akalie, na yeye akawalindia mabegi yao.

Nilifurahi. Hili nalisema wazi, kwa sababu nimelibeba muda mrefu. Nilifurahi kwamba mzee ameupenda mji, na nilifurahi zaidi kwamba mchana ua ulikuwa wangu. Nilioga nilipotaka. Nilifua nikiimba. Jioni nilikuwa nasikia pumzi yake kupitia ukuta wa kistoo nikipita kwenda chooni, nzito, yenye mluzi ndani yake, na nilijiambia ni uchovu wa kutembea. Miezi mitatu ilipita namna hiyo.

Siku yenyewe nilikuwa nafua, kama saa nne asubuhi. Akaja mwanamke mmoja kutoka mpakani anauliza nyumba ya yule Mndali wa lori la mahindi. Alisema mzee ameanguka kwenye foleni, wabeba mizigo wamemlaza juu ya mkokoteni na kumkimbiza hospitalini, na tangu aanguke haijafika hata nusu saa. Watu wale hawakujua jina lake wala kwao. Walitupa chini mizigo waliyokuwa wakilipwa kuibeba, wakambeba yeye bure. Nilimshukuru Mungu palepale kwa kutuleta mjini.

Mume wangu alikuwa Itaka na asingerudi kabla ya jioni, na simu za mkononi bado zilikuwa za matajiri. Nilijifunga kanga mbili, moja kichwani, na Mama wa Kinamwanga akanisindikiza. Tulipokaribia geti la hospitali akanishika mkono.

"Kuna neno mzee alinikataza nisikuambie," alisema. "Nilimuuliza kwa nini halali kama alivyoambiwa. Akasema, yule binti anajibanza chumbani kwa ajili yangu. Nikishinda pale, atateka maji saa ngapi, ataoga saa ngapi? Mwache awe na nyumba yake, mimi nitakaa kwa watu."

Nilimuuliza kuhusu vidonge vya mchana. Alisema vilibaki kistooni, kwa sababu mzee aliambiwa asimeze na njaa, na kule mpakani hakuwa na chakula.

Nilisimama katikati ya barabara, gari likanipigia honi. Nilikuwa nimemleta apone, na yeye alikuwa anakufa kwenye vumbi la malori ili mimi nioge kwa raha. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mzee yule dakika ile, na sikuwa najua hata sura yake. Nikaapa moyoni kwamba kama yeye ameniheshimu mpaka hapo, basi leo ambapo amelala hoi, labda hata nguo hana, mimi sitamvunjia heshima kwa kumwinulia macho. Nitamuuguza, lakini kwa adabu yote ya kwetu.

Getini mlinzi aliruhusu mtu mmoja kwa kila mgonjwa. Mama wa Kinamwanga akarudi kumwangalia mtoto wangu, nami nikaingia peke yangu. Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa, wengine chini kwenye mikeka. Muuguzi alikuwa mmoja, anakimbia huku na huku. Aliniambia wazee wawili wameletwa asubuhi ile bila ndugu, wote wamezidiwa, wote hawasemi, na yeye hakuona nani kaletwa na nani. Akaniuliza wangu ni yupi.

Kijijini hakuna anayeuliza swali hilo. Mgonjwa akifika mahali, anafika na watu waliomjua tangu azaliwe. Nilivuta kanga mpaka kwenye nyusi, nikatembea nikiangalia sakafu. Nikaangalia chini ya vitanda. Chini ya kitanda cha tatu kutoka dirishani kulikuwa na katambuga zimechakaa, kisigino kimoja kimeliwa upande.

Nikamwambia muuguzi, huyu hapa.

Nilikaa chini sakafuni, mgongo umegemea chaga za kitanda, uso kwa watu wengine. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mwanamke anayemuuguza mumewe. Nilimweleza kwamba kwetu hatuwatazami wakwe, akaelewa haraka kuliko nilivyotarajia, maana yeye ni wa Mbozi na alikuwa amesikia habari zetu. Uji ulipoletwa getini kutoka nyumbani nilimpa yeye kikombe, akawa anamlisha kwa kijiko juu ya kichwa changu. Alikuwa ananiambia anameza, bado anameza, macho yanacheza. Nililoanisha kitambaa, naye akamfuta uso. Kila alichoniambia nilikipokea kwa furaha. Tulimpigania mzee yule pamoja, mimi nikiwa chini na yeye juu, na niliiona homa ikishuka kwa maneno yake.

Yule mzee mwingine alikuwa kitanda cha karibu na mlango. Hakuwa na mtu. Nilimsikia akivuta pumzi kwa tabu, akinyamaza, akianza tena. Mara moja alining'iniza mkono nje ya kitanda na ukabaki hivyo. Mwanamke wa Mbozi alisikitika. Mimi nikasema kwa sauti, "Wanawe wako wapi?" Nilisema kwa ukali kabisa, kama mtu mwenye haki ya kuuliza. Akajibu kwamba ndiyo mambo ya mjini, kila mtu na lake, na mimi nikaitikia, mimi ambaye sipendi kuyasikia maneno hayo.

Kama saa nane muuguzi aliniomba nikamshikie yule mzee kikombe cha maji, kwa sababu yeye ameitwa wodi nyingine. Nilimwambia siwezi kumwacha wangu, ndiyo kwanza ameanza kumeza. Hakubishana nami. Alimnywesha yeye mwenyewe kidogo, harakaharaka, akaondoka.

Saa tisa hivi pumzi ya kule mlangoni ilinyamaza na haikuanza tena. Walikuja wauguzi wawili, wakamfunika shuka mpaka juu. Nilisikia uchungu wa kawaida, ule wa kifo cha mtu usiyemjua. Na wakati huohuo, nyuma ya kichwa changu, mzee wangu akafungua kinywa.

"Binti," alisema. "Asante, binti yangu. Ng'ombe zangu nani anazo?"

Ilikuwa sauti nene, ya polepole, ya wale wafugaji waliohamia bondeni Momba kutoka mbali na mifugo yao. Ile sauti niliyoisikia miezi mitatu kupitia ukuta wa kistoo ilikuwa nyembamba na ya haraka. Baba mkwe wangu hakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Nadhani nilijua kabla sijageuka. Niligeuka, nikamtazama usoni mwanaume yule niliyemkalia saa tano, mzee mrefu, mwenye masikio yaliyotobolewa, ananitazama kwa shukrani kubwa. Wafugaji wote wa bonde lile walivaa katambuga, na nusu ya wazee wetu wa milimani pia. Jambo hilo nilikuwa nalijua siku zote. Katambuga za baba zilikuwa zimemchomoka juu ya mkokoteni, mtu akaziokota baadaye na kutuletea. Mzee yule mfugaji alipona. Sasa naweza kusema nafurahi kwamba alipona, lakini ilinichukua miaka mingi kulisema.

Nilitembea mpaka mlangoni. Muuguzi wa pili, ambaye sikuwa nimemwona kabla, alikuwa anaondoa mto, akaniuliza kama namfahamu marehemu. Nilimwambia sijui, kwamba lazima nimtazame kwanza. Alinishangaa, kisha akashusha shuka mpaka kifuani. Nikaiondoa kanga kichwani, nikainua macho.

Ulikuwa uso wa mume wangu. Pua ileile, nyusi zilezile zinazokutana, hata ule mdomo wa chini unaojitokeza kidogo kama wa mtu anayetaka kununa. Alikuwa mume wangu aliyezeeka, basi. Asubuhi ile, pale mlangoni, ningenyanyua macho mara moja tu, ningemjua. Hata mtoto wangu wa miaka mitatu angemjua.

"Ni baba," nilimwambia muuguzi.

Akaniuliza nilikuwa wapi tangu asubuhi, maana mzee amehangaika peke yake mchana kutwa.

Nikamwonyesha kitanda cha tatu.